Natron, Eyasi, Ruaha, Kitulo au Mafia: Uende Wapi Kutazama Nyota?

Ukifungua ramani ya mwanga wa usiku iliyopigwa kwa satelaiti, Tanzania karibu yote ni nyeusi. Dar inang'aa pale pwani, kuna Mwanza, Arusha, Dodoma, Mbeya, vidoa vya migodi huko Geita, basi. Kwa hiyo mtu akiniuliza wapi kuna giza zaidi, namjibu kwamba giza tunalo la kumwaga. Kinachotusumbua ni kupata mahali ambapo saa nane usiku unaweza kutoka nje, ukatandika mkeka, ukalala chali mpaka alfajiri bila mtu kukumulika tochi usoni, bila tembo kuja kukuuliza unatafuta nini, na bila wingu kukaa juu yako siku zote ulizolipia. Hapo ndipo sehemu hizi zinapoachana, na zinaachana sana.

Mimi si mtaalamu. Nina darubini ya mkononi ya 10x50, kiti cha kukunja, na tabia ya kukesha. Nimelala nje sehemu zote tano zilizotajwa hapo juu, na baadhi nimerudi.

Tarehe kwanza, mahali baadaye

Safari nyingi za nyota zinaharibika nyumbani, siku ya kuomba likizo. Mbalamwezi ikiwa juu, hata jangwani hutaona kitu cha maana. Njia rahisi ya kuchagua siku ni kalenda ya Kiislamu iliyobandikwa ukutani, ile ile ya kuhesabia Ramadhani. Kuanzia tarehe 24 ya mwezi wa Kiislamu hadi tarehe 3 au 4 ya mwezi unaofuata, usiku ni wako. Mwishoni mwa mwezi, mwezi wenyewe unachomoza baada ya saa saba usiku ukiwa umekonda. Ukiandama upya, siku ya tatu unazama kwenye saa tatu usiku na kukuachia uwanja. Katikati ya mwezi, mbalamwezi ikiwa kubwa, ni usingizi wa bure.

Kisha majira. Watu wa pwani walishasema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia, lile fungu dogo la nyota linaloitwa kwa jina la kulima, hupotea kwenye mwanga wa jua mwishoni mwa Aprili na Mei, masika yakiwa yamekolea, na kurudi alfajiri mwezi Juni mbingu zikianza kusafika. Kwa mtazamaji huo ndio mlango kufunguka. Juni hadi Septemba kiangazi kimeshika sehemu kubwa ya nchi, na kwa bahati nzuri ndipo kitovu cha Njia Nyeupe, ule mkanda mweupe wa nyota unaokatiza anga, pale kundi la nyota la Nge linapokunja mkia, kinapopita karibu na utosi jioni. Wazungu huko kwao wanakiona kikikwaruza upeo wa macho. Sisi kinatuangukia kichwani.

Desemba hadi Februari ni zamu ya kundi la Jabari (Orion) na nyota za Shira (Sirius) na Suheli (Canopus), na chini yao, kusini, yale Mawingu mawili ya Magellan yanayofanana na vipande vya Njia Nyeupe vilivyochanika. Sehemu zenye vuli na masika huwa na mwanya wa ukavu Januari na Februari, lakini nyanda za juu kusini mvua ni moja tu, Novemba mpaka Aprili, haina mwanya. Hilo litarudi tukifika Kitulo.

Halafu kuna mtego unaowanasa watu wa Arusha, Moshi na Nairobi kila mwaka. Julai unatazama juu kutoka kibarazani unaona blanketi la kijivu, unaahirisha safari. Usiahirishe. Wingu hilo ni la milimani. Ukishuka bondeni, saa chache tu za gari, mbingu iko wazi kama imepigwa deki.

Unajuaje pamekuwa na giza la kweli?

Mmarekani John Bortle alichapisha mwaka 2001 kipimo cha madaraja tisa: daraja la 1 ni giza tupu, la 9 ni katikati ya jiji. Vipo pia vifaa vya mkononi vya kupima mwangaza wa anga. Mimi natumia vitu vitatu visivyohitaji betri.

Cha kwanza ni Kilimia. Jicho la kawaida mahali pa kawaida huhesabu nyota sita. Ukivuka nane bila kubahatisha, mahali ni pazuri na macho yako yamejaliwa. Cha pili ni wingu. Mjini wingu la usiku ni jeupe au la rangi ya chungwa kwa sababu linapokea taa za chini. Mahali penye giza totoro wingu ni jeusi, tundu lisilo na nyota. Cha tatu ndicho nikipendacho: alfajiri ya uongo. Waliosoma madrasa wanaijua, ule mwanga unaosimama wima kama mkia mashariki kabla ya alfajiri ya kweli, ambao hauruhusu kuswali wala haumzuii mtu kula daku. Ni vumbi lililotawanyika kati ya sayari likipigwa na jua. Huku karibu na ikweta linasimama karibu wima, kwa hiyo tunaliona vizuri kuliko watu wengi duniani, mradi hakuna taa. Usipoliona na anga ni safi, hapo mahali pana mwanga kuliko ramani inavyodai.

Nayo ramani inadai sana. Vipokezi vya satelaiti inayotumika kwenye ramani nyingi za aina hii havioni vizuri mwanga wa bluu, na taa za LED nyeupe zina bluu nyingi. Tena satelaiti haijui habari ya taa moja ya sola iliyofungwa mlangoni pa kambi yako. Na taa hiyo moja inatosha kukuharibia usiku. Jicho linahitaji nusu saa kuzoea giza, na sekunde moja kuanza upya.

Ukiwa Arusha: Natron au Eyasi

Zote mbili ziko bondeni, zote mbili unafika siku hiyo hiyo, na hapa ndipo mashindano ya kweli yalipo.

Natron unapita Mto wa Mbu, unaacha lami, kisha zaidi ya kilomita 100 za vumbi na mawe kupitia Engaruka mpaka Ngare Sero. Njiani kuna mageti ya kulipia, beba pesa taslimu. Unashuka mpaka mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, joto la mchana linakausha mate mdomoni, ila usiku shuka moja inatosha. Giza lake ni zito. Upande wa kusini Ol Doinyo Lengai, mlima wa karibu mita 3,000, unautambua kwa nyota zinazokosekana: pembetatu nyeusi iliyokatwa kwenye anga. Ni picha nzuri kwa mpiga picha, lakini pembetatu hiyo inakula nyota za chini kusini, na magharibi ukuta wa bonde unakula nyingine. Kaskazini, upande wa ziwa, pako wazi.

Usiku wangu wa kwanza pale nilifika kambini nikakuta taa kubwa juu ya nguzo, nyeupe pe, inamulika eneo zima kama uwanja wa mpira. Mlinzi alikuwa mzee wa Kimasai amekaa chini yake na shuka yake.

"Shikamoo mzee wangu. Hii taa hatuwezi kuizima kidogo?"

"Marahaba. Hii ni ya simba, kijana."

"Kwani simba wanafika hapa?"

"Hawafiki. Si kuna taa?"

Hoja hiyo haina jibu. Tukakubaliana tuivishe ndoo. Aliishika ngazi mwenyewe, na ndoo ya plastiki nyeusi ya kuogea ikakaa juu ya nguzo mpaka asubuhi. Baada ya nusu saa Njia Nyeupe ilikuwa imetoka yote, na ile mipasuko yake myeusi, na mzee akaanza kunionyesha nyota kwa majina yao ya Kimasai. Kwa hiyo ukipiga simu kuweka nafasi, kabla ya kuuliza bei na chakula, uliza: taa za nje zinazimwa saa ngapi, na nani ana ruhusa ya kuzizima? Wakikujibu kwamba jenereta inazimwa saa nne, uliza pia kuhusu zile za sola. Watu wanazisahau.

Eyasi unapita Karatu kwa lami, kisha saa moja na nusu au mbili za barabara mbaya hadi Mang'ola, kule kunakotoka vitunguu. Ni juu kidogo, kama mita 1,000. Giza linazidiwa na la Natron kwa sababu mbili: Karatu inaacha ukungu wa mwanga upande wa kaskazini-mashariki, na msimu wa vitunguu malori hayalali. Lakini kusini na kusini-magharibi ziwa limelala bapa bila mlima, na hilo kwa mtazamaji wa anga la kusini ni dhahabu. Salibu (ule msalaba wa nyota wa kusini), Omega Centauri, fungu la nyota ambalo kwenye darubini ya mkononi ni kama kiganja cha unga, na Mawingu ya Magellan Januari, vyote unaviona mpaka vinagusa ardhi. Kiangazi ziwa likirudi nyuma, upepo unanyanyua vumbi la chumvi na upeo unachafuka. Nenda baada ya mvua kidogo ikiwezekana.

Kero ya Eyasi ni ya saa kumi na moja alfajiri. Wageni wanaokwenda porini na Wahadzabe huondoka saa hiyo, madereva wanawasha magari na taa zake kambi nzima, na ndiyo saa hasa ya alfajiri ya uongo. Nimejifunza kutembea mita mia mbili kutoka kambini, nyuma ya mikoche, na kugeukia mashariki.

Nikibanwa nichague: Juni hadi Septemba Natron, bila kusita. Januari na Februari Eyasi. Ukiwa na gari dogo lisilopanda mawe, Eyasi majira yote, maana barabara ya Natron haina huruma.

Wenzetu wa Nairobi wana Natron yao, nayo ni Magadi. Ni bonde lile lile, urefu kutoka usawa wa bahari karibu sawa, kama kilomita 110 tu kutoka mjini na lami mpaka ziwani. Lakini mji wa Magadi una kiwanda cha magadi chenye taa usiku kucha, na Nairobi inaonekana ikipauka kaskazini-mashariki. Ukilala Olorgesailie, kwenye eneo la makumbusho lenye zile shoka za mawe za kale, uko karibu zaidi na mji. Ukipita Magadi ukaenda kusini unapata giza bora. Wenye wiki nzima na gari la maana huenda Chalbi na Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, ambako giza ni la kutisha na upepo pia. Kule mitambo ya upepo 365 haikuwekwa kwa bahati mbaya. Usibebe darubini yenye miguu myembamba. Kwa anayeanza, wapo Travelling Telescope, wanaofika na darubini kubwa na mtu wa kukuelekeza, jambo ambalo upande wetu bado ni adimu.

Ruaha na Kitulo: simba au baridi

Kwa giza tupu, sijaona mahali panapoishinda Ruaha. Hifadhi ina kama kilomita za mraba 20,000, hakuna mji wa maana karibu, na mibuyu inasimama dhidi ya Njia Nyeupe kama imechorwa. Ila ni hifadhi. Usiku huzunguki utakavyo, na ukimaliza kula askari anakusindikiza mpaka hemani, zipu inafungwa, umemaliza. Nililala macho pale ndani nikisikia tembo akivunja matawi, huku nikijua kwamba juu ya turubai kuna anga bora nililowahi kusogelea. Nililiona kwa dakika arobaini, kabla na baada ya chakula, karibu na moto ambao wenyeji wangu walikataa kuuzima. Walikuwa na haki.

Suluhisho ni kulala nje ya hifadhi, kijijini Tungamalenga, kama kilomita 100 kutoka Iringa. Kuna sehemu za kupiga hema zenye uzio, bei ya kibinadamu, na giza karibu lile lile. Wanyama wanapita huko pia, kwa hiyo ndani ya uzio unabaki, lakini unabaki nje ya hema. Mchana unaingia hifadhini (Mtanzania hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni), jioni unatoka, usiku unakesha. Epuka mwishoni mwa kiangazi. Kuanzia Agosti moto wa nyika unawaka huku na huku, moshi unatanda, na nyota za chini zinageuka nyekundu kisha zinapotea. Juni na Julai ndiyo miezi yake.

Kitulo ni kinyume cha Ruaha karibu kwa kila kitu. Uwanda uko kama mita 2,600 juu, hauna simba wala tembo, na nilitembea usiku nikiwa na tochi yenye karatasi nyekundu tu. Ukitokea Chimala unapanda zile kona 57 mpaka Matamba, abiria wakiwa kimya, kisha unaziacha taa chache za mji nyuma na kuingia kwenye nyasi tupu. Hakuna miti. Anga linaanzia kwenye vifundo vya miguu. Hewa ya juu ni nyembamba na haina vumbi, nyota hazicheki-cheki sana mpaka zikaribie kabisa ardhini. Iko nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Wingu Kubwa la Magellan linapanda hadi nyuzi 30 juu ya upeo, wakati mtu wa Chalbi, nyuzi 3 kaskazini, analiona kwenye 18 tu. Tofauti hiyo ukiiona kwa macho utaelewa kwa nini nasisitiza.

Bei ya yote hayo ni baridi. Juni na Julai panaganda. Nimeamka nikakuta mkeka umekakamaa, umande umekuwa barafu juu ya begi, na simu iliyokuwa na chaji nusu imezimika. Betri hazipendi baridi, zilale nazo kifuani. Jaketi la Dar si jaketi huku. Nunua mtumba mzito Mbeya au Makambako kabla ya kupanda, na chupa ya chai iwe kubwa kuliko unavyodhani.

Kosa la kawaida ni kutaka Kitulo ya maua na Kitulo ya nyota kwa safari moja. Maua yanayofanya watu waiite Bustani ya Mungu yanachanua Novemba hadi Aprili, na hiyo ndiyo mvua yenyewe. Kwa sababu hiyo pia Mawingu ya Magellan, ambayo jioni huonekana Januari, huku unayakamata Agosti na Septemba kwa kuamka saa kumi alfajiri. Inafaa. Ukiwa kule mchana shuka Rujewa, mji ambao mbwembwe zake zote za kiastronomia zilikuwa siku moja, tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa likabaki pete na nusu ya nchi ikawa imehamia wilayani kwake, Mbarali. Wengi wetu wa kusini tulianza ugonjwa huu siku hiyo.

Kati ya hizi mbili, mwenye lengo la nyota tu aende Kitulo. Anayesafiri na mtu asiyejali nyota (mume, shemeji, watoto wa chini ya miaka kumi) aende Tungamalenga, maana mchana kuna twiga wa kuwatuliza.

Mafia

Mafia siipangi juu, na bado ndiyo ninayowashauri watu wa Dar wenye siku tatu. Ndege ni nusu saa, au boti kutoka Nyamisati kwa mwenye tumbo gumu. Giza ni zuri, joto ni la kulala na kanga, na hakuna mnyama wa kukukataza kutoka. Lakini bahari ina mambo yake. Hewa imejaa unyevu, ukiacha darubini wazi kwa dakika ishirini vioo vinatota, na kuvifuta kwa kanga kunaacha chumvi. Wakati wa kusi, mawingu madogo yanapita usiku kucha, yanafunika, yanafunua. Mwenye subira anapata. Mpiga picha wa saa nzima anatukana.

Jambo nililolijua kwa kuumia ni dagaa. Nilipanga safari yangu ya kwanza kwa kalenda, mwezi umekufa kabisa, nikapata chumba Kilindoni upande wa magharibi nikitazamia upeo mweusi wa bahari. Saa mbili usiku upeo ukawaka. Taa moja, tano, kisha mstari mzima kama mji umejengwa juu ya maji. Nikamuuliza kijana aliyekuwa akitengeneza nyavu kama kuna sherehe.

"Sherehe gani kaka, giza hili. Dagaa wanafuata taa. Mbalamwezi ikitoka tunalala."

Yaani mimi na wavuvi tunasubiri usiku ule ule mmoja. Ndivyo ilivyo pia Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria, kwa hiyo mwenye kupanga Kigoma au Ukerewe alijue hilo mapema. Mafia ufumbuzi ni kuhama upande: lala Utende au vuka hadi Chole, panapotazama mashariki. Mwanzoni mwa Juni, giza likishika saa mbili kasoro, Nge ameshapanda kusini-mashariki juu ya ghuba, mkia wake bado uko chini kuelekea majini, na taa za dagaa zote ziko nyuma ya minazi.